Kutembezwa kwa Miguu Hali Nina Gari

Ofisi ya Uwakala wa Forodha,
Sogea, Tunduma.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya cha kata yetu.

Mheshimiwa Mganga,

YAH: MALALAMIKO YA KUTEMBEZWA KWA MIGUU HALI NINA GARI

Pokea salamu zangu nyingi, ambazo nimezipunguza sukari kama nilivyoelekezwa. Mimi ni Ombeni Nzunda, mzaliwa wa Nanyala, mtoto wa mkulima wa kahawa, na kwa miaka mingi sasa ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Kazi yangu ni kukaa. Naomba usinicheke. Malori yanatembea, madereva wanatembea, karatasi zinatembea kutoka dirisha hili hadi lile, lakini mimi nakaa na kugonga muhuri. Kwa kukaa huko nimejenga nyumba, nimesomesha watoto, na nimepata kitambi ambacho hadi mwanzoni mwa mwaka huu kila mtu mjini alikiheshimu.

Nakuandikia kwa unyenyekevu kumlalamikia muuguzi wako, Sista Goodness. Binafsi sina ugomvi naye. Tunasali kanisa moja, anaimba kwaya, na huniita baba. Ila ushauri wake umeniharibia maisha, na naomba nieleze kwa mpangilio, jinsi ninavyopanga nyaraka za mzigo, usije ukasema Nzunda amekurupuka.

1. Kuhusu chai. Nilikuja kituoni kwenu na mafua. Mafua tu, Mheshimiwa. Sista hakuniangalia pua, aliniangalia tumbo. Akatoa futi, ile ya fundi cherehani, akanizungushia kiunoni, na ncha mbili za futi zikatafutana kwa shida. Akaniambia nirudi kesho yake asubuhi bila kula, nipimwe sukari. Nilitii. Nilirudi sijala kitu. Nilikunywa chai ya maziwa tu, vijiko vinne vya sukari, na chapati mbili za kuisindikiza, na supu kidogo kwa ajili ya yale mafua. Aliponiuliza kama nimekula, nikasema kwa moyo safi kwamba sijala, ugali haujagusa mdomo wangu tangu jana jioni. Akaniuliza asubuhi nimetumia nini, nikamtajia. Akafunga kitabu chake na kunirudisha nyumbani.

Sasa nauliza, kituo cha afya kilichozungukwa na Wanyiha na Wanamwanga kinawezaje kutokujua kwamba mtu ambaye hajala ugali hajala? Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu Nanyala mgeni anaweza kula viazi, ndizi, mihogo na maandazi tangu asubuhi, na saa nane mama akamwomba radhi kwa kumshindisha njaa.

2. Kuhusu ugonjwa nisio nao. Nilipimwa hatimaye, tumbo likinguruma. Sista akasema, "Baba, kisukari huna. Ila sukari yako imepanda, uko njiani kuelekea huko. Tukibadilisha maisha sasa, unaweza usifike." Hapo nilikasirika kitaalamu. Mimi ni mtu wa mpakani, najua sheria. Lori lililo kwenye foleni ya Mpemba halijaingia Zambia. Dereva anaweza kupika kwenye foleni, akafua, akaota ndevu, na bado yuko Tanzania, wala upande wa pili hawana ruhusa ya kumtoza chochote. Sasa mimi ambaye sijavuka, kwa nini nianze kutozwa? Nilimweleza Sista hoja hii kwa kirefu. Akasema lori lililo kwenye foleni ndilo bado linaweza kugeuza. Kushindwa hoja na mtu wa umri wa binti yangu ni malalamiko yanayojitosheleza.

3. Kuhusu sahani. Nilionyeshwa picha ya sahani. Nusu ni mboga za majani, robo ni maharage au samaki, na robo iliyobaki ni ugali. Robo! Akaongeza kwamba ugali wenyewe usizidi ngumi yangu. Nilijipa moyo kwa kuwa nina ngumi kubwa, lakini mke wangu Ikupa aliniambia nikunje vizuri, nisitanue vidole.

Nyumbani ningevumilia. Balaa lilitokea Ikinga kule Ileje, kwa wakwe zangu. Kwa heshima za kwao mimi na mama mkwe hatukai pamoja. Mimi hukaa sebuleni, yeye jikoni, na hanioni nikila. Chakula kikaletwa, kuku na ugali wa kutosha familia ya watu sita, wote wangu. Nikala robo kwa utii, sahani ikarudi jikoni. Mheshimiwa, sahani ile ilikwenda kusema maneno ambayo mimi sikuyasema. Muda si muda wajomba wawili wa Ikupa walikuwa wameitwa kutoka shambani, kikao kimekaa, nami naulizwa kwa upole na kwa kuzunguka sana kosa la binti yao ni lipi, na kama nina mpango wa kumrudisha. Niliomba ugali uletwe tena. Nilikula hadi wajomba wakaanza kutabasamu, kisha nikaendelea kidogo kwa usalama.

4. Kuhusu miguu. Hiki ndicho kiini cha barua. Sista aliagiza nitembee nusu saa kila siku, mwendo wa kutoa jasho. Nikaona niache gari nyumbani Chapwa na niende ofisini kwa miguu. Labda wewe ni mgeni hapa, Mheshimiwa, kwa hiyo nikueleze. Katika mji huu mtu mzima mwenye ofisi yake hatembei. Wanaotembea ni wanafunzi, wauza mahindi ya kuchoma, na mtu aliyefilisika. Mimi si mwanafunzi, wala sina mahindi.

Siku ya kwanza bodaboda wa kijiweni aliniwahi kabla sijafika barabara kuu. "Mzee panda tu, utanitoa siku mambo yakikaa sawa." Siku iliyofuata Yahaya, jirani yangu wa ofisi, mwenye malori yanayokwenda Lubumbashi, alisimamisha gari, akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na kuninong'oneza kwamba biashara zina mitihani na kwamba ananiombea dua. Nikamwambia nafanya mazoezi. Aliniangalia kitambi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Sawa kaka, mazoezi. Nimeelewa." Hakuelewa. Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa unajua kwamba Nzunda amefulia, gari limekamatwa na nyumba inafuata. Madereva wa Zambia walionizoea wakaanza kuniita mudala, yaani mzee kwa lugha yao, kwa sauti ya msibani, huku karatasi zao wakizipeleka dirisha la jirani.

Nilijitetea kwa kila njia. Nilinunua suti ya michezo ya bluu, watu wakasema Ikupa amenifukuza nikatoka na nguo za kulalia. Nikaanza kutembea na funguo za gari mkononi, nikizizungusha kidoleni ili zimetemete. Mama mmoja muuza ndizi akamwambia mwenzake, nami nasikia, "Maskini, gari limeenda lakini funguo hataki kuziachia." Mwishowe Ikupa, ambaye aibu hii ilimuuma kuliko ilivyoniuma mimi, akatoa wazo. Yeye aendeshe gari letu nyuma yangu, taratibu, taa zote zikiwaka, ili kila mwenye macho alione.

Tulifanya hivyo asubuhi moja. Mimi mbele na suti yangu ya bluu, gari jeusi nyuma, Ikupa ndani ameketi wima na uso wa mtu asiyetaka utani. Mheshimiwa, watu walisimama pembeni ya barabara wakavua kofia. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba. Lori la mafuta lilizima injini kutupisha. Tulipofika Sogea magari mengine yalikuwa yamejipanga nyuma yetu nayo yamewasha taa kwa heshima, na Yahaya alikuwa mlangoni kwangu, kavua viatu sijui kwa nini, akiuliza maziko ni saa ngapi.

5. Kuhusu suruali. Hili naliandika kwa kifupi maana linanitia aibu. Suruali zinanishuka. Juzi nilikuwa mbele ya dirisha la forodha nimeshika nyaraka kwa mikono yote miwili, nikahisi mkanda unakwenda. Ikabidi nichague. Nilichagua suruali, na upepo ukachukua nyaraka ukazivusha Zambia bila kibali. Aidha, magoti yameacha kuuma, kwa hiyo sina la kuzungumza na mawakala wenzangu. Usingizi wa mchana mezani nao umepotea, na sasa nasikia kila kitu wanachosema wafanyakazi wangu kuhusu mimi. Sikujua kwamba nina jina la utani. Si zuri.

6. Kuhusu sukari. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Umoja wa Wanawake wa kanisa letu waliingia uani kwangu wakiimba, wamejitwika vikapu, Mama Tabita akiwa mbele. Walikuja kunifariji. Unajua desturi yetu, kwa mtu mwenye shida huendi mikono mitupu, na kitu cha kwanza kubeba ni sukari. Waliipanga mezani, meza ikajaa. Wakaipanga kwenye kochi. Soda zikaja kwa kreti. Kisha Mama Tabita akatuongoza katika maombi marefu, akimsihi Mungu amrudishie mtumishi wake gari lake, na wakati anaomba hivyo pochi yake alikuwa ameiweka juu ya boneti ya gari hilohilo. Nilifungua jicho moja nikaliangalia gari. Nalo lilionekana kushangaa.

Sista Goodness alikuwemo. Alisimama nyuma ya wenzake na kilo yake ya sukari mkononi, kwa sababu kila mwanachama alitakiwa kuleta. Miongoni mwa watu wote pale ni yeye tu aliyejua kwa nini natembea. Neno lake moja lingeniokoa. Aliweka kilo yake juu ya zile nyingine, akainamisha macho, akarudi kukaa. Nilimfuata hadi getini kumlaumu. Akanijibu, "Baba, yaliyosemwa kwenye chumba cha vipimo mimi siwezi kuyatoa nje. Ukitaka wajue, waambie mwenyewe. Halafu hiyo sukari usiile." Huyu ndiye mtumishi wako, Mheshimiwa. Anatunza siri hadi mwenye siri anaomba itoke.

Utaniuliza kwa nini sikuwaambia mwenyewe. Hapa naomba niache mzaha kidogo. Nina kaka yangu, Osea, yuko Nanyala kwenye shamba la baba. Wale akina mama wote wanamjua. Alikuwa mtu wa kubeba gunia la kahawa begani huku anapiga mluzi. Hakuwahi kupimwa hata mara moja, hakuna aliyemwambia apime, na alikuja kujua ana kisukari siku kidonda cha kidole cha mguu kilipokataa kupona. Wakamkata chini ya goti. Siku hizi anakaa kwenye kiti mlangoni na kuwaelekeza wengine namna ya kuanika kahawa, na sauti yake imekuwa ya ukali ambao hakuwa nao. Ningetamka neno sukari mbele ya akina mama wale wangeanza kulia, na mimi ningelia nao. Nampenda sana Osea, na nikienda kumwona naogopa kukaa karibu naye, kwa sababu tumefanana. Nikaona ni nafuu kuwa maskini. Kwa hiyo nilisema amina, nikashukuru, nikapokea mizigo.

7. Kuhusu ninachoomba. Baada ya kukueleza hayo, naomba ofisi yako inisaidie kama ifuatavyo, na nimejitahidi nisiwe mchoyo wa mawazo.

Kwanza nipatiwe kibao cha kuvaa shingoni, chenye muhuri wa kituo, kikisema kwamba mwenye kibao ana gari, linafanya kazi, na lina mafuta. Kama bajeti ya vibao haipo, basi diwani, mchungaji, shehe na meneja wa benki waagizwe kutembea kwa miguu mbele yangu kila asubuhi. Nikionekana nyuma yao hakuna atakayesema nimefilisika. Watasema naomba kura.

Hilo likishindikana, naomba kiwango cha sukari kipandishwe. Viwango hupangwa na watu, Mheshimiwa. Mimi nimeona viwango vya ushuru vikibadilika tumelala, tukaamka tukaendelea na kazi. Mkisogeza cha sukari juu kidogo tu, nusu ya mawakala wa mpaka huu watapona siku hiyohiyo bila dawa na bila jasho, na taarifa yako ya robo mwaka itapendeza wilayani. Nyaraka nitaziandaa mimi bure.

Pia naomba Sista Goodness ahamishiwe Mbangala. Simchukii. Nafikiria matumizi bora ya mtumishi wa umma. Kule watu wanakwenda shambani kwa miguu na kurudi kwa miguu, na mboga za majani wanakula bila kuchorewa sahani. Watakuwa wametekeleza ushauri wake wote kabla hajafungua mdomo, na hatakuwa na mtu wa kumharibia jina.

Na kama hayo yote hayawezekani, basi nipe dawa. Ndiyo, nipe vidonge, hata visivyo na kazi. Mtu anayemeza vidonge anaheshimika. Anaulizwa hali, anapishwa kiti, anawekwa kwenye maombi kwa jina lake sahihi. Lakini mtu anayezuia ugonjwa hana pa kusimama. Akishindwa atalaumiwa, na akifanikiwa hakuna kinachotokea, sasa nani atampongeza kwa kitu ambacho hakikutokea? Najitoa jasho barabarani, nachekwa, naombewa, nakaliwa vikao Ikinga, ili siku moja nife uzeeni na miguu yangu miwili na watu waseme alikuwa na bahati.

Nasubiri jibu lako kwa uvumilivu niliojifunza kwenye foleni. Nisalimie wahudumu wote wa kituo, kuanzia mzee wa getini hadi yule mama wa maabara mwenye mkono mwepesi, na wagonjwa wote watakaokuwa kwenye benchi siku utakapoisoma hii. Sista Goodness naye msalimie, ila salamu yake iwe fupi.

Ni mimi niliyetii, kwa shingo upande,

Ombeni Nzunda
Wakala wa Forodha

Nyongeza: Barua hii niliimaliza jana mchana nikaigonga muhuri, na katika kazi yangu karatasi iliyogongwa muhuri haichanwi. Ndiyo maana naituma ilivyo. Nakuomba usiifanyie kazi.

Jana hiyohiyo Ikupa alikuja kituoni kwenu bila kuniambia. Mimi aliniaga kwamba anakwenda sokoni. Alikuja kunigombea, Mheshimiwa. Alivaa kitenge chake cha sherehe ili amwambie Sista Goodness ana kwa ana aache kumdhalilisha mume wake mjini. Amenisimulia kwamba Sista alimsikiliza hadi mwisho, akampa maji, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kupimwa. Alirudi jioni akakaa kitandani, hakuvua hata viatu. Kipimo chake kimepita changu kwa mbali. Ameambiwa arudi leo asubuhi bila kula, wahakikishe.

Nimeogopa. Lilipokuwa langu lilikuwa suala la heshima, na nilikuwa na hoja hadi namba saba. Kwa Ikupa sina hoja hata moja. Viwango viacheni palepale vilipo. Mbangala watafutiwe mtu mwingine. Ikupa hajalia wala hajalalamika, ameniuliza tu mimi huwa natoka nyumbani saa ngapi, kwa sababu anataka tutoke wote kwa miguu, na watu waseme watakavyo.

Barua nampa Yahaya aipitishe kwako na gari lake, maana sisi tutachelewa kidogo kufika. Mwambie Sista Goodness asiende popote.